Hulka ya Mbwa: Nasaba, Malezi, na Jeraha Lisilopaswa Kupuuzwa

Kiswahili kina methali mbili zinazovutana. Moja husema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mbwa anapomuuma mtu mtaani, methali hizi mbili hukutana. Wapo wanaoshikilia kwamba mbwa wa aina ile ni wakali kwa kuzaliwa, na wapo wanaomlaumu mwenye mbwa kwa kutomlea ipasavyo.

Katika zahanati na vituo vya afya mjadala huo huo huja kwa sura nyingine. Mzazi humleta mtoto mwenye alama za meno mkononi siku kadhaa baada ya kuumwa. Akiulizwa sababu ya kuchelewa, hueleza kwamba mbwa ni wa nyumbani, ni mpole, na amekua pamoja na watoto. Mwingine hueleza kwamba mbwa wa jirani ni wa kizungu, wala si mbwa koko, hivyo hakuona hatari. Hapo nasaba na malezi huwa vimegeuzwa kuwa hoja ya kitabibu, na hoja hiyo yaweza kugharimu maisha. Kwa sababu hiyo inafaa kueleza kile ambacho nasaba huweza kusema juu ya hulka ya mbwa, kile ambacho malezi huweza kusema, na kile ambacho vyote viwili haviwezi kusema.

Nasaba hurithisha nini?

Kwamba hulka hurithiwa kwa kiasi fulani, si jambo la kubishaniwa. Ushahidi mashuhuri zaidi haukutoka kwa mbwa, bali kwa jamaa yake, mbweha. Mnamo mwaka 1959, mwanasayansi wa vinasaba Dmitri Belyaev, akishirikiana na Lyudmila Trut, alianza jaribio karibu na mji wa Novosibirsk nchini Urusi. Walichukua mbweha wa rangi ya fedha waliokuwa wakifugwa kwa ajili ya manyoya. Katika kila kizazi waliruhusu kuzaliana wale tu walioonyesha hofu ndogo na ukali mdogo mbele ya binadamu. Kigezo chao kilikuwa kigumu: miongoni mwa madume, wachache sana kati ya kila mia walichaguliwa, na miongoni mwa majike, takriban mmoja kati ya watano. Mbweha hao hawakufunzwa, na muda wao wa kukaa na watu uliwekewa mipaka, ili upole utakaoonekana usiwe tunda la mafunzo.

Kufikia kizazi cha kumi, asilimia 18 ya watoto waliozaliwa walikuwa katika daraja la juu kabisa la upole: waliwakimbilia watu, walitikisa mkia, na walilia wakitaka kushikwa. Kufikia kizazi cha ishirini, kiwango hicho kilifika asilimia 35. Sambamba na hao, watafiti walizalisha ukoo mwingine wa mbweha waliochaguliwa kwa ukali. Watoto wa mama wakali walipolelewa na mama wapole, waliendelea kuwa wakali. Malezi ya mama wa kambo hayakufuta walichorithi.

Jaribio hilo huunga mkono methali ya nyoka, lakini kwa sharti moja. Matokeo yale yalihitaji uchaguzi mkali wa sifa moja tu, kizazi baada ya kizazi, bila kulegeza. Mbwa wengi duniani hawakuzalishwa hivyo. Mbwa wa vijijini Afrika Mashariki huzaliana kwa hiari yao. Hata aina nyingi za mbwa wa Ulaya zilianza kutengwa rasmi katika karne ya 19 tu, na waliozitenga walitazama zaidi umbo, rangi na manyoya kuliko tabia.

Wiki za mwanzo

Upande wa pili wa hoja nao una ushahidi wake. Mwaka 1961 watafiti Freedman, King na Elliot walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani. Watoto wa mbwa walikulia katika uga wa ekari moja uliozungushiwa uzio mrefu, bila kuwaona watu. Baadhi yao walitolewa na kukaa na watu kwa juma moja tu, wengine wakiwa na umri wa wiki mbili, wengine tatu, tano, saba au tisa, kisha wakarudishwa ugani. Kikundi kimoja hakikutolewa kabisa hadi wiki ya 14.

Waliotolewa kati ya wiki ya tano na ya tisa waliwazoea watu vizuri. Wale walioachwa hadi wiki ya 14 waliwaogopa watu kama wanyama wa porini, na hofu hiyo haikuondoka kwa urahisi hata walipobembelezwa. Wazazi wao walikuwa mbwa wa nyumbani wa aina zinazosifika kwa upole. Juma moja tu la kukaa na watu, likija kwa wakati wake, liliamua mengi.

Katika maabara hiyo hiyo, John Paul Scott na John Fuller walichunguza aina tano za mbwa kwa miaka mingi, na mwaka 1965 wakachapisha kitabu kilichobaki kuwa rejea. Mojawapo ya aina hizo ilikuwa basenji, mbwa wa misitu ya Kongo, anayejulikana kwa kutobweka kama mbwa wengine. Watoto wa basenji wakiwa na umri wa wiki tano waliwakimbia watu na kung'ata waliposhikwa, ilhali watoto wa aina nyingine waliolelewa kwa namna ile ile walikuwa watulivu zaidi. Tofauti hiyo ilikuwa ya kurithi. Hata hivyo, baada ya kushikwashikwa na kuzoeshwa watu, hofu ya basenji ilipungua haraka. Nasaba iliweka mahali pa kuanzia, na malezi yakaamua umbali wa safari.

Kutokana na kazi hizo, wataalamu hukubaliana kwamba kipindi cha kati ya wiki ya tatu na takriban wiki ya 12 hadi 14 ndicho kipindi ambacho mbwa hujifunza nani ni rafiki katika ulimwengu wake. Samaki hukunjwa angali mbichi, na kwa mbwa, ubichi huo hudumu majuma machache tu. Mtoto wa mbwa anayefungiwa bandani kipindi hicho chote ili awe mkali wa kulinda, hutoka akiwa na hofu. Hofu ndiyo chanzo kikubwa cha kuuma.

Unga na mpishi

Swali la kwamba asilimia ngapi ya hulka hutokana na nasaba na ngapi na malezi husikika kuwa rahisi, lakini limekaa vibaya. Mfano wa ugali husaidia. Hakuna anayeweza kukata kipande cha ugali akasema kwamba nusu hii imetokana na unga na nusu ile imetokana na mpishi. Kinachoweza kuulizwa ni kwa nini ugali wa nyumba moja umetofautiana na wa nyumba nyingine. Ikiwa mtaa mzima umetumia unga wa kinu kimoja, tofauti zote zitatokana na wapishi. Ikiwa mpishi ni mmoja na unga ni wa aina kumi, tofauti zitatokana na unga. Ndivyo ilivyo katika kurithi: kipimo chake huhusu tofauti baina ya mbwa wengi katika mazingira fulani, wala hakimhusu mbwa mmoja aliyelala chini ya mwembe.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti mkubwa kuhusu jambo hili. Wamiliki wa mbwa zaidi ya 18,000, wengi wao nchini Marekani, walijibu maswali kuhusu tabia za mbwa wao, na mbwa zaidi ya 2,000 walichunguzwa vinasaba. Ilidhihirika kwamba tabia nyingi hurithiwa kwa kiasi cha kuonekana, lakini aina ya mbwa ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Utayari wa kufuata maelekezo ulitofautiana zaidi kati ya aina na aina. Wepesi wa kukasirika, ambao ndio unaomhusu mtu anayehofia kuumwa, haukutabirika kwa kutazama aina.

Mambo hayo mawili hayapingani. Mbwa hurithi kutoka kwa baba yake na mama yake, ambao nao walikuwa na hulka zao, wala si kutoka kwa jina la aina yake. Mnunuzi anayetaka kujua hulka ya mtoto wa mbwa atapata habari zaidi kwa kukaa nusu saa na mama yake kuliko kwa kusoma cheti cha ukoo. Aina hueleza jambo moja kwa uhakika zaidi, nalo ni ukubwa wa mwili. Mbwa mzito mwenye taya pana akiuma, jeraha huwa kubwa. Huo ni ukubwa wa madhara, na haupimi uwezekano wa kuumwa.

Sheria zilizotazama umbo

Baadhi ya nchi zimejaribu kupunguza kuumwa na mbwa kwa kupiga marufuku aina fulani. Uingereza ilipitisha sheria hiyo mwaka 1991, ikazitaja aina nne, mojawapo ikiwa Pit Bull Terrier. Mwanzoni mwa mwaka 2024, aina ya XL Bully nayo iliingizwa katika marufuku huko England na Wales. Katika miongo iliyofuata sheria ya 1991, idadi ya wagonjwa waliolazwa hospitalini nchini England kwa sababu ya kuumwa na mbwa haikupungua, iliongezeka. Uholanzi nayo ilikuwa na marufuku ya namna hiyo tangu mwaka 1993, na mwaka 2008 serikali yake ilitangaza kuiondoa kwa kuwa haikupunguza matukio ya kuumwa.

Fundisho hapa si kwamba mbwa hao hawana hatari, kwani mbwa mwenye nguvu aliyekosa malezi ni hatari kubwa. Sheria inayotazama umbo huwaacha nje mbwa wengi wanaouma, ambao hawana jina lolote la kutisha.

Mkono wa mwenye mbwa

Malezi hayaishii utotoni. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliwauliza wamiliki waliowaleta mbwa wenye matatizo ya tabia kuhusu mbinu walizokuwa wametumia nyumbani. Kati ya waliowahi kuwapiga au kuwapiga teke mbwa wao kwa kosa lisilotakiwa, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Kipigo kinachokusudiwa kumfundisha mbwa adabu mara nyingi humfundisha kwamba mkono wa binadamu ukinyanyuka, yapasa kujihami.

Kumfunga mbwa mnyororo mfupi kutwa nzima nako humnyima njia ya kukimbia. Mnyama mwenye hofu ana njia mbili, kukimbia au kupigana, na akinyimwa ya kwanza hubaki na ya pili. Aidha, mbwa mwingi huonya kabla ya kuuma: hukaza mwili, hugeuza uso, hufyata mkia, huonyesha meno au hunguruma. Mbwa anayeadhibiwa kila anaponguruma huweza kujifunza kuacha onyo na kwenda moja kwa moja kwenye meno.

Watoto ndio wanaoumia zaidi. Hawasomi maonyo hayo, humkumbatia mbwa anayekula, humsogelea jike mwenye watoto, na kwa ufupi wa kimo chao huumwa mara nyingi usoni na kichwani. Mara nyingi mbwa anayemuuma mtoto si mgeni kwake. Ni wa nyumbani au wa jirani.

Jambo la tatu: ugonjwa

Nasaba na malezi kwa pamoja havitoshi kueleza kila tendo la mbwa. Kuna jambo la tatu, na kwa mhudumu wa afya ndilo lenye uzito kuliko yote. Mbwa mwenye maumivu ya sikio, ya nyonga au ya kidonda huweza kumuuma anayempenda. Na mbwa mwenye kichaa cha mbwa hubadilika kabisa, hata malezi yake yakiwa mema kiasi gani.

Kirusi cha kichaa cha mbwa hufika kwenye ubongo kwa kupitia mishipa ya fahamu, kisha huenea hadi kwenye tezi za mate. Akishaathirika, mbwa mpole huweza kuwa mkali ghafla. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba kinyume chake pia hutokea: mbwa mkali huweza kupoa, kujificha au kulegea. Katika sura ya ugonjwa inayoleta kupooza, taya huanguka na mate hutiririka. Mwenye mbwa hudhani mfupa umekwama kooni, akaingiza mkono mdomoni ili kuutoa, na kwa huruma hiyo hujiweka katika hatari ya kifo. Zaidi ya hayo, kirusi huweza kuwamo katika mate siku chache kabla dalili yoyote kuonekana. Mbwa aliyeuma leo akiwa mchangamfu na mwenye afya machoni pa watu, huenda tayari anaambukiza.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takriban watu 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, karibu wote barani Afrika na Asia. Hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na mbwa anayeshukiwa ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Dalili kwa kawaida hutokea baada ya miezi miwili hadi mitatu, ingawa huweza kutokea baada ya juma moja au hata mwaka. Zikishatokea, kifo huwa karibu hakikwepeki. Kabla hazijatokea, ugonjwa huzuilika karibu kwa uhakika. Pengo kati ya hali hizo mbili ni maji, sabuni na chanjo inayotolewa kwa wakati.

Katika chumba cha matibabu

Kwa hiyo, mtu aliyeumwa anapofika kituoni, swali la mbwa wa aina gani halina msaada mkubwa, na jibu la kwamba mbwa ni mpole halipaswi kumpunguzia mgonjwa huduma. Maswali yenye manufaa ni haya: Mbwa yuko wapi sasa, na je, anaweza kufuatiliwa? Alichanjwa lini, na je, kuna kadi? Tabia yake imebadilika katika siku za karibuni? Amewauma watu au wanyama wengine? Je, amekufa, ameuawa au ametoweka? Kujua kwamba mbwa alichokozwa husaidia, lakini hakuondoi uwezekano wa kichaa, kwa kuwa mbwa mgonjwa naye huchokozeka.

Hatua ya kwanza ni kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15. Kazi hiyo ianze nyumbani, bila kusubiri gari. Pilipili, majivu, mafuta ya taa na samadi havifai kupakwa. Baada ya hapo mgonjwa afike kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mhudumu hupima jeraha kwa madaraja matatu. Ngozi isiyo na mchubuko iliyolambwa au kuguswa huoshwa tu. Ngozi iliyong'atwa kidogo au mikwaruzo isiyotoa damu huhitaji kuoshwa na chanjo. Jeraha lililopenya ngozi, au mate yaliyogusa ngozi iliyochubuka, macho au mdomo, huhitaji kuoshwa, chanjo, na kwa mtu ambaye hajawahi kuchanjwa, kingamwili za kichaa cha mbwa zinazodungwa ndani na kuzunguka jeraha. Chanjo ya msulini hudungwa kwenye bega, na kwa mtoto mdogo kwenye paja, kamwe si kwenye tako. Kushona jeraha huahirishwa inapowezekana. Ikilazimu, kingamwili hutangulia. Hali ya chanjo ya pepopunda nayo huangaliwa.

Mbwa aliye hai hufuatiliwa kwa siku 10, kwa ushirikiano na afisa mifugo. Akibaki mzima muda huo wote, hakuwa akiambukiza siku aliyouma, na ratiba ya chanjo ya mgonjwa huweza kusitishwa kwa uamuzi wa mtaalamu. Lakini matibabu huanza kwanza; hayasubiri siku hizo 10 zipite. Kumuua mbwa papo hapo na kumtupa huharibu ushahidi huo.

Nyumbani

Familia inayofuga mbwa ina kazi nne. Kwanza, imtazame mama wa mtoto wa mbwa kabla ya kumchukua. Pili, imzoeshe mbwa watu, watoto na sauti za nyumbani katika wiki zake za mwanzo, kwa upole. Tatu, iwafundishe watoto kutomgusa mbwa anayekula, anayelala, aliyefungwa au anayenyonyesha, na isimwache mtoto mdogo peke yake na mbwa yeyote, hata yule anayeaminiwa. Nne, mbwa achanjwe dhidi ya kichaa na chanjo irudiwe kama afisa mifugo atakavyoelekeza. Chanjo ikiwafikia angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa maambukizi hukatika.

Kati ya kazi hizo nne, tatu hujenga hulka njema na hupunguza kuumwa. Ni ile ya nne peke yake inayomlinda mtoto dhidi ya siku ambayo mbwa mwenye nasaba nzuri na malezi mazuri atageuka kwa sababu ya ugonjwa. Na endapo siku hiyo itafika, mzazi atakayekimbilia sabuni na maji, kisha kituo cha afya, bila kwanza kupima upole wa mbwa, atakuwa amefanya lililo sahihi.